Kivuli cha Nzohe

Ruphin alikuwa apelekwe mahakamani Kindu mchana huo, kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na askari, na Mounira, OPJ, yaani mpelelezi wa polisi, aliyemkamata kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa bado hajaipata sumu. Hilo ndilo lililomkosesha raha tangu asubuhi. Mshukiwa anaye, mashahidi anao tele, mizoga miwili anayo. Sumu hana.

Ingekuwa mizoga ya mbuzi, polisi wasingeamka vitini. Lakini ilikuwa ya nzohe, wale swala wa mabwawani wenye kwato ndefu za kutembelea matopeni. Shirika moja la hapa Kasongo liliwaokoa mikononi mwa wawindaji wangali wadogo wa kunyonya, likawafuga katika bustani ya wanyama nje ya mji, upande wa kwenda Lualaba. Walikuwa watatu. Hakuna mtoto wa madrasa wala wa shule ya misheni ambaye hakuwahi kupelekwa kuwatazama. Sasa dume amekufa, jike mmoja amekufa, na jike aliyebaki, mwenye mimba, amelala tu na masikio yameanguka. Mji ukakasirika, na mji ukikasirika haukawii kumpata mkosaji.

Mkosaji akawa Ruphin, mkata nyasi wa bustani ile. Msimamizi, Mama Sidonie, alimfukuza kazi, naye siku hiyo hiyo akasimama langoni akasema kwa sauti, watu wazima wakisikia, kwamba hawa nyama, yaani wanyama wale, hawatafika mvua. Nyumbani kwake Mounira alikuta chupa ya dawa ya wadudu. Akamtia pingu mbele ya mke wake.

"Chupa iko?" Kamishna Serge aliuliza, bila kuinua macho mezani.

"Iko, shefu."

"Alitisha watu?"

"Alitisha."

"Sasa, madamu OPJ, unatafuta nini tena?"

"Chupa haijafunguliwa. Kizibo kiko na karatasi yake ya dukani."

"Alikuwa na ingine, akaitupa." Serge alikuwa mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kuamua. "Lisemwalo lipo, Mounira. Pikipiki imeenda kutia mafuta. Ikirudi, aende. Ukiniletea kitu kabla yake, nitatazama. Usiponiletea, usinilaumu."

Kindu si mwendo wa kwenda na kurudi. Mvua ikianza, njia ile inageuka tope tupu, na aliyekwenda kabla ya mvua hurudi anapojaliwa. Nje ya kituo, Olga, mke wa Ruphin, alikuwa ameketi chini na sufuria ya wali na sombe, yaani kisamvu, imefungwa kwa kitambaa. Alimwona Mounira akitoka. Alisogeza tu sufuria, kwa adabu, ili apite.

Mounira hakupita. Alirudi ndani mpaka kwenye kasho, kile chumba cha mahabusu chenye dirisha la ukubwa wa kitabu, akamwita Ruphin mlangoni.

"Mama Sidonie alikufukuza juu ya nini?"

"Juu ya muti."

"Muti gani?"

"Mukuyu. Ule uko ndani ya uzio wa nzohe." Ruphin alikuwa na sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kueleza jambo lile lile kwa watu wengi. "Kiangazi kilikausha bonde lote, madamu. Nilikuwa natembea mpaka mutoni, narudia na nyasi ya kujaza mkono tu. Nyama wakawa wananitazama. Basi nikapanda mukuyu, nikakata matawi. Majani yake wanayapenda sana."

"Ukakata mangapi?"

"Mengi. Sitasema uongo. Mama Sidonie alifika, akakuta jua linaingia chini ya muti, akalia sawa vile nimemukata mutoto wake."

"Na yale maneno ya langoni?"

"Niliyasema." Akajifuta uso. "Hasira hasara. Lakini fikiri mwenyewe. Mufugaji anamufukuza mukata nyasi katikati ya kiangazi. Nyama wake watafika mvua na nini?"

Mounira alimtazama. Mahabusu wote wana hadithi, na nyingi zinapendeza. Hii haikupendeza hata kidogo, na kwa sababu hiyo akaichukua.

Akapanda pikipiki ya kukodi mpaka bustanini.

Pacifique, daktari wa mifugo, alikuwa ameupasua mzoga wa dume chini ya paa la mabati, akauhifadhi ushahidi kwa njia aliyoiweza: ndoo yenye kifuniko. Alikuwa kijana makini, mwenye tabia ya kunawa mikono kabla ya kujibu swali.

"Si maji," alisema. "Maji ya birika lao ndiyo yale yale wanayokunywa tumbili na kobe. Tumbili wako wazima, wameniibia sabuni asubuhi. Nimemnywesha na mbuzi wangu. Mzima."

"Kwa hiyo alikula."

"Alikula. Utumbo umevimba wote, umetoka damu ndani. Dawa ya wadudu haifanyi hivyo. Ile ingewatetemesha, wakatoka povu. Majirani waliowaona wanasema walilala tu, wakaharisha, wakaisha polepole."

Neno hilo la polepole lilimchoma Mounira. Alisogea mpaka kwenye kichwa cha dume. Midomoni kulikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, yale aliyoyaona siku ya kwanza akayaandika kuwa ni damu iliyokauka. Alilowesha leso kwa maji baridi, akasugua. Damu ya mnyama kwa maji baridi hutoka, kila mtu aliyewahi kuchinja Idi anajua. Madoa hayakutoka.

"Fungua ndoo," alisema.

Ndani mlikuwa na majani yaliyotafunwa nusu nusu. Mapana, manene. Si nyasi, wala si mkuyu.

"Avoka?" Mounira aliuliza. Alikuwa amesikia mahali kwamba majani ya avoka si mazuri kwa mifugo, na ua wa nyuma wa kila nyumba ya Kasongo una avoka.

"Si avoka," sauti ya mwanamke ilijibu nyuma yao. "Avoka niliing'oa mimi mwenyewe."

Ndiye Mama Sidonie. Mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye kitenge kilichofifia na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa amelia kwa siku kadhaa na hakujali nani anaona. Mounira alimpa pole, akamwomba wazungumze wakitembea. Walifuata njia ya kwenda kwenye uzio wa nzohe.

"Niambie habari ya hiyo avoka, Mama."

"Wakubwa wa shirika walitaka avoka. Kivuli na matunda, walisema, faida mara mbili. Nikawaambia hapana. Jani lake linaua mbuzi, litaua na nzohe. Wakataka parasolie, ule muti wa majani kama mwavuli, kwa sababu inakua haraka. Inakua haraka, lakini upepo ukija inaanguka na matawi yake juu ya nyama. Mimi nikachagua mukuyu. Jani lake halina ubaya, kivuli chake kipana, na mizizi inashika ukingo wa bwawa." Alisema hayo kama anayemsifu mtoto aliyefaulu mtihani. "Nilichagua vizuri, au hapana?"

"Ulichagua vizuri."

"Kiangazi cha mwaka jana ndama alikufa kwa jua. Muti wa kwanza, ule wa karibu na kibanda, dume aliusugua pembe mpaka ganda likaisha, ukakauka wote, kivuli kikaenda. Ndama akalala pale mchana kutwa. Nilimubeba kwa mikono hii. Toka siku ile nikaapa, mukuyu huu hakuna atakayeugusa."

"Na Ruphin akaugusa."

"Akaugusa." Alikaza midomo. "Kama ameua hawa, Mungu amuone. Lakini sumu aliitia wapi, hata mimi sijui. Lango nilifunga mwenyewe."

Walikuwa wamefika. Uzio mkubwa wa waya ulizunguka bwawa na kipande cha ardhi kilichokuwa zamani na nyasi; sasa palikuwa pekundu, pamelambwa. Katikati, mkuyu. Matawi ya chini yalikuwa yamekatwa, ila juu bado ulikuwa na majani mengi. Na kuuzunguka mkuyu, karibu kabisa na shina, palikuwa na uzio mwingine mdogo, wa vijiti vinene vilivyochomekwa ardhini vikafungwa kamba.

Yule jike mwenye mimba alikuwa amelala ukutani mwa kibanda. Alifumbua jicho, akalifumba.

"Sasa wanakula nini, Mama? Tangu Ruphin aondoke?"

"Ninaleta mimi. Maganda ya ndizi, majani ya viazi. Ninavyopata."

"Wanashiba?"

Sidonie aliinua ndoo yake. "Nyama mwenye joto anakufa kabla ya mwenye njaa," alisema, na akamimina maji ya ndoo yote kwenye mizizi ya mkuyu, kwa uangalifu, akizunguka ili kila upande upate.

Mounira aliyatazama maji yakinywewa na udongo. Yalipita kwenye mizizi ya mkuyu, na yalipita pia kwenye vijiti vya uzio mdogo. Akachuchumaa.

Vijiti vile vilikuwa vimechipua. Katika ardhi nzima iliyokauka, hicho kilikuwa kitu pekee cha kijani ambacho mnyama angeweza kukifikia. Kwa juu kila kijiti kilikuwa na majani mapana, ya kung'aa. Kwa chini, mpaka kimo cha shingo ya nzohe, hakikuwa na jani hata moja. Vimebaki vikonyo tu. Mounira alikata kikonyo kimoja cha juu. Yakatoka maziwa, yakamdondokea kidoleni.

Alikuwa na sare ya shule moja tu alipokuwa mdogo, na maziwa kama hayo yaliiharibu. Mama yake aliifua kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya mawese. Doa la kahawia lilibaki mpaka sare ikaisha. Akainua macho akatazama kitenge cha Mama Sidonie. Pajani kulikuwa na madoa ya kahawia, mengi, ya zamani kidogo. Rangi ile ile ya midomo ya dume.

"Mbono," alisema.

"Ni mbono, ndiyo."

"Uliukata wapi?"

"Wamaza, kule Kabambare. Kwetu. Nilipakia kwa pikipiki, dereva akakasirika njia nzima."

"Hapa Kasongo hakuna mbono mpaka uende Kabambare kuutafuta?"

Mama Sidonie aliishika ndoo tupu kwa mikono miwili. "Nilikuwa nimeenda kusafisha kaburi la mume wangu," alisema. "Ule mbono ni wa kaburi lake. Kwetu mutu akizikwa tunamuzungushia mbono, ili mbuzi wasimupande kichwani. Unaota wenyewe, unafunga kabisa. Toka nimezaliwa sijaona mbuzi aligusa mbono. Nikasema, mume wangu atanisamehe, nitamwazima kidogo. Ulimulinda yeye, utanilindia na mukuyu."

Pacifique, aliyekuwa amewafuata na ndoo yake, aliifungua taratibu, akatoa kipande kimoja cha jani, akakilinganisha na jani lililo kijitini. Akalitazama hili, akalitazama lile. Kisha akamtazama Mounira na kutikisa kichwa kukubali, kichwa chenyewe kikiwa kizito.

"Kwa nini mnatazamana?" Sidonie aliuliza.

"Mama, kaa kidogo," Mounira alisema.

"Sikai. Sema."

Kuna maneno ambayo polisi hujifunza kuyasema haraka, kama anayeng'oa mwiba. Mounira aliyasema. "Wamekula mbono, na mbono ni sumu. Tazama chini, kote kumetafunwa mpaka wanapofika. Tazama midomo ya dume, ni maziwa yake. Si mtu aliyewawekea sumu."

"Uongo. Mbuzi hali mbono."

"Mbuzi wa Wamaza ana kijiji kizima cha kuchagulia. Anaona mbono, anapita, anaenda kwa majani ya mihogo ya jirani. Hawa walikuwa na waya pande zote."

"Hawa ni nyama wa pori. Wanajua majani. Nyama wa pori anafundishwa na mama yake."

"Mama zao waliuawa na wawindaji wakiwa wananyonya," Pacifique alisema kwa upole. "Nani aliwafundisha, Mama? Majani waliyoyajua ni yale tuliyowaletea sisi. Na haya wewe ndiye uliyaleta."

Hakupaswa kusema hilo la mwisho. Aliona mwenyewe, akainamisha kichwa. Mama Sidonie alitazama ndoo aliyokuwa ameishika, maji aliyokuwa amemwaga, vijiti vilivyonenepa majani kwa maji hayo, akavifuata vyote kwa macho kimoja kimoja kama mtu anayetafuta kilichopotea. Halafu alikwenda akaushika mbono wa kwanza kwa mikono miwili, akauvuta. Ulikuwa umeota mizizi. Akauvuta tena.

Mounira hakuweza kungoja kutazama. Alichukua ndoo ya Pacifique, akatoka mbio kwenye pikipiki.

Alipofika kituoni, Ruphin alikuwa tayari amekalishwa nyuma ya dereva, na askari anajipanga kupanda. Olga alikuwa amesimama kando ya gurudumu na sufuria yake. Mounira alipita, akaingia ofisini, akaweka ndoo juu ya meza ya kamishna na jani bichi la mbono juu yake.

Serge alisikiliza mpaka mwisho. Ni haki kusema hivyo. Mtu yule alijua kusikiliza akitaka. Alishika jani, akalinusa, akaangalia ndani ya ndoo, akafunika haraka.

"Kwa hiyo nani ameua?"

"Hakuna aliyeua, shefu. Mmoja alikata kivuli ili nzohe wapate kula. Mwingine akakilinda kivuli wasife kwa jua. Wote wawili waliwapenda."

"Mji unataka mtu."

"Mji ulikuwa na mtu. Hakuwa yeye."

Kamishna alipiga miayo, au alijifanya, ili asionekane usoni. "Shusheni yule," alimwambia askari kupitia dirishani. "Mpeni na panga lake."

Ruphin alishuka. Alikula wali wa mke wake amesimama, palepale uani, kwa vidole, bila haraka. Mounira alimngoja amalize. Ilikuwa vigumu kuliko alivyodhani.

"Nimekukosea, Ruphin," alisema. "Ninakuomba radhi. Na wewe, Olga."

Ruphin alinawa kwa maji aliyomiminiwa na mke wake. "Siku ile uliniuliza nani anawachukia hawa nyama," alisema. "Ukaniuliza nilikuwa wapi, na nani, na chupa ni ya nini. Ungeniuliza wanakula nini, ningekuambia ni njaa, tungeenda pamoja kutazama. Labda yule jike aliyekufa nyuma angekuwa bado iko." Hakusema kwa ukali. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye hakuwa mtu wa kuinama kuyazoa. "Yule mwenye mimba je?"

"Anapumua."

Akachukua panga lake, akashika njia ya bustani, siyo ya nyumbani. Olga alimfuata na sufuria tupu. Mounira naye akafuata, nyuma kidogo, kwa kuwa hakujiona ana haki ya kwenda sambamba nao.

Mibono yote ilikuwa imeng'olewa. Ililala chini ya waya kama kuni, na mashimo yake yamezunguka mkuyu. Mama Sidonie alikuwa amekaa kwenye udongo, viganja vimechubuka, maziwa na damu vimechanganyika mpaka kwenye viwiko. Alipomwona Ruphin ameshika panga hakusimama.

"Mimi nilikufukuza," alisema.

"Ulinifukuza."

"Nilisema kwa watu ni wewe."

"Nilisikia."

Akageuka kwa Mounira. "Madamu, mimi ndiye wa kupeleka Kindu."

"Hakuna sheria ya jambo hili, Mama."

"Basi litakwisha namna gani?" Aliuliza kweli, akingoja jibu. Pacifique alijishughulisha na jike, akimnywesha maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari. Jike alimeza. Akatafuta kitu kwa midomo juu ya udongo mtupu, akakosa.

Mama Sidonie aliiona midomo ile. Alitazama juu, kwenye matawi aliyokuwa ameyapigania. Jua lilikuwa bado kali.

"Panda," alimwambia Ruphin. "Kata."

"Nikikata tena, kivuli kitakwisha."

"Ninajua. Kata."

Ruphin alivua viatu, akapanda. Lilishuka tawi la kwanza, la pili, mengine, na kila tawi lilipoanguka jua liliingia mahali ambapo halikuwapo. Mama Sidonie aliyaokota yeye mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya jike, akashika tawi karibu na pua yake. Jike alinusa, akageuza kichwa. Akanusa tena. Kisha akang'ata jani moja, akalitafuna muda mrefu, wote wakimtazama taya, akanyoosha shingo kutafuta lingine.

Juu ya mti Ruphin aliacha kukata. Aliacha tawi moja kubwa, upande wa magharibi, akashuka bila kuulizwa sababu. Pacifique na Mounira walimshika jike kila mmoja upande wake, wakamsogeza mpaka chini ya tawi lile. Kivuli kilichobaki kilimtosha mnyama mmoja, na mnyama alikuwa amebaki mmoja.